Jimmie Rodgers: Mtoto wa nyapara wa reli aliyeimbwa Kapkatet kwa jina la Chemirocha

JIMMIE Rodgers, Mmarekani anayetambuliwa kama baba wa muziki wa kantri, hakuwahi kukanyaga ardhi ya Afrika. Alifariki mwaka 1933 akiwa na umri wa miaka 35 tu. Hata hivyo, mwaka 1950, miaka 17 baada ya kuzikwa kwake, kikundi cha wasichana wa Kipsigis kiliketi mbele ya kinasa sauti huko Kapkatet, katika nyanda za juu zilizo kusini mashariki mwa Kisumu, kikamwimba kwa jina. Walimwita Chemirocha. Katika wimbo wao hakuwa mwanadamu kamili, bali kiumbe nusu mtu, nusu swala.

Wakazi wa kandokando ya Ziwa Viktoria hawahitaji kufafanuliwa muziki wa kantri ni nini. Kuanzia Otonglo hadi Bondo, sauti za Jim Reeves, Kenny Rogers na Dolly Parton zimesikika redioni na katika matanga kwa miongo mingi, na Kenya imepata waimbaji wake wa fani hiyo, miongoni mwao Elvis Otieno, maarufu kwa jina la Sir Elvis. Nyuma ya wote hao yupo kibarua mmoja wa reli aliyekuwa akikohoa damu. Makuzi yake, kuliko hata nyimbo zake, ndiyo yanayoeleza ni kwa nini sauti ya mtu wa Mississippi iliweza kupokelewa na watu wasiojua hata neno moja la lugha yake.

Alizaliwa kandokando ya njia ya reli

James Charles Rodgers alizaliwa Septemba 8, 1897. Mji wa Meridian, katika jimbo la Mississippi, hujivunia kuwa ndio chimbuko lake, naye mwenyewe alizoea kuuita nyumbani. Baadhi ya waandishi wa maisha yake hutaja kijiji cha Geiger, ng'ambo ya mpaka wa jimbo la Alabama. Ubishi huo hauna ajabu. Baba yake, Aaron Rodgers, alikuwa nyapara wa genge la matengenezo katika kampuni ya reli ya Mobile and Ohio, na familia ya nyapara haikuwa na mahali pamoja pa kutia mizizi. Genge likihamishwa, sufuria na vitanda navyo vilihama.

Wakati huo, upande huu wa dunia, reli ya Uganda ilikuwa imekwisha kuanza safari yake ndefu kutoka Mombasa. Ilifika ziwani Desemba 20, 1901, mahali palipoitwa Port Florence na ambapo leo ni Kisumu, Rodgers akiwa mtoto wa miaka minne. Tawi la kwenda Butere, linalopita upande wa Otonglo na Kisian, lilikamilika mwaka 1930, naye akiwa kwenye kilele cha umaarufu. Wenye mababu waliobeba mataruma na kushindilia kokoto katika njia hizo wanaielewa kazi ya genge bila kuhadithiwa: mitaimbo inayoingia chini ya chuma kwa pamoja, mtu mmoja akitoa wimbo na wengine wakiitikia, ili mikono ishushe nguvu kwa wakati mmoja.

Mama yake, Eliza Bozeman, alifariki mtoto akiwa na umri wa takriban miaka sita. Kuanzia hapo Jimmie akawa mtoto wa kupokezanwa baina ya jamaa. Aliyemkalia kwa muda mrefu zaidi alikuwa mama yake mdogo, Dora, mwalimu aliyeishi Pine Springs, nje kidogo ya Meridian, na aliyekuwa na elimu ya muziki. Huko ndiko mtoto alikopata utulivu ambao hakuwahi kuupata kabla ya hapo, na ambao, ukweli usemwe, hakuupata tena baadaye. Mnamo mwaka 1911 alirejea mjini kwa baba yake, aliyekuwa ameoa mke mwingine. Shule ikamshinda. Alipendelea zaidi kushinda katika duka la kinyozi la mjomba wake na kwenye kumbi za maonyesho.

Akiwa na umri wa miaka kumi na mitatu hivi aliibuka mshindi katika shindano la vipaji mjini Meridian. Ushindi huo ulimlevya. Alitorokea katika msafara wa wauza dawa, wale wanaovuta umati kwa nyimbo na vichekesho kabla ya kufungua masanduku ya chupa zao. Wachuuzi ambao yeyote aliyewahi kupita sokoni siku ya gulio amewaona mfano wao. Aliwahi pia kuunda kikundi chake mwenyewe cha maonyesho, na hema lake la kwanza likawa ni shuka za kitanda za mke wa kaka yake. La pili lilikuwa hema halisi la turubai, la bei kali, ambalo alilichukua dukani kwa mkopo ulioandikwa kwa jina la baba yake, baba akiwa hana habari. Mzee Aaron alimfuata, akamrudisha, akampa hiari ya mambo mawili: shule au reli. Kijana akachagua reli.

Chuo cha mtoto wa maji

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwapelekea maji vibarua. Wengi wao walikuwa Waamerika weusi, wajukuu wa watumwa, na kwao ndiko mapokeo ya maisha yake yanakoweka elimu yake ya kweli. Walimfundisha kupiga banjo na gitaa. Walimfundisha pia nyimbo za kazi na zile za majonzi ziitwazo bluzi, zenye mstari unaoimbwa, ukarudiwa, kisha ukajibiwa. Katika Mississippi ya wakati huo, sheria na desturi zilimtenga mweupe na mweusi shuleni, garini na makaburini. Penye ndoo ya maji kizuizi hicho kililegea kidogo, angalau kwa mtoto.

Hapa ndipo lilipo jambo zito katika habari za Rodgers. Kampuni za santuri za Marekani katika miaka ya 1920 ziligawa muziki kwa rangi: orodha moja ya Waamerika weusi na nyingine ya wazungu wa mashambani. Muziki aliokuja kuuimba ulikuwa umechota katika visima vyote viwili, lakini uliuzwa kwa jina la upande mmoja. Waliomfundisha hawakuandikwa popote. Wao ni "vibarua" tu katika kila kitabu, na vitabu hivyo ni vingi.

Baadaye kaka yake mkubwa Walter, aliyekuwa kondakta wa treni, alimsaidia kupata kazi ya breki katika reli ya New Orleans and Northeastern, iliyounganisha Meridian na New Orleans. Mtu wa breki aliunganisha na kutenganisha mabehewa, alikaza breki na kukagua mizigo, mara nyingi akitembea juu ya paa za mabehewa ya mizigo kwenye mvua na baridi. Ilikuwa kazi yenye heshima yake na vifo vyake. Mwili dhaifu wa Rodgers haukuumbiwa kazi hiyo, lakini aliishikilia kwa miaka kadhaa, akiajiriwa na kupunguzwa kadiri biashara ya reli ilivyopanda na kushuka.

Ndoa yake ya kwanza, mwaka 1917, haikudumu. Aprili 1920 alimuoa Carrie Williamson, binti wa mchungaji. Walijaliwa binti, Anita, mwaka 1921, na mwingine, June Rebecca, aliyefariki Desemba 1923 akiwa na umri wa miezi sita. Baba alikuwa mbali akitafuta riziki, na ilimbidi kuweka ala yake ya muziki rehani ili apate nauli ya kurudi nyumbani. Mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 27, madaktari walimwambia kwamba ana kifua kikuu. Dawa ya ugonjwa huo haikuwapo. Streptomaisini ingegunduliwa mwaka 1943, miaka kumi baada ya kifo chake. Aliyeupata alishauriwa apumzike, ale vizuri na atafute hewa safi. Ushauri huo ulimfaa mtu mwenye akiba.

Rodgers hakuwa na akiba. Alijaribu tena kazi ya reli, kwanza Florida, kisha Arizona kwa kuamini kwamba hewa kavu ya jangwani ingemnusuru, na kila mahali kifua kilimwangusha. Ugonjwa huo ndio uliomtoa relini moja kwa moja na kumwachia njia moja tu ya kujipatia mkate. Ni vigumu kuamini kwamba angekuwa mwimbaji wa kulipwa kama mapafu yake yangekuwa mazima.

Usiku bendi iliposambaratika

Mapema mwaka 1927 alihamia Asheville, Carolina Kaskazini, mji wa milimani uliosifika kwa kuwahifadhi wagonjwa wa kifua. Aprili mwaka huo alianza kuimba katika kituo kipya cha redio mjini humo, WWNC. Aliungana na vijana watatu wapiga ala kutoka Bristol, nao wakajiita Jimmie Rodgers Entertainers. Kituo hakikuwaweka kwa muda mrefu.

Mwisho wa Julai, Ralph Peer, mwakilishi wa kampuni ya santuri ya Victor, alifika Bristol, mji ambao barabara yake kuu imegawanywa na mpaka wa Tennessee na Virginia. Alipanga chumba katika jengo la zamani la kofia, akatundika mablanketi ukutani kuzuia mwangwi, akatangaza kwamba anatafuta waimbaji. Rodgers na wenzake walifika Agosti 3 wakajaribiwa. Usiku huohuo wakagombana kuhusu jina litakaloandikwa kwenye santuri. Asubuhi wale watatu wakaamua kurekodi peke yao, na kiongozi akabaki na gitaa lake.

Mtu mwingine angerudi nyumbani. Rodgers alimwendea Peer akamwambia kwamba ataimba mwenyewe. Agosti 4, 1927 alirekodi nyimbo mbili, The Soldier's Sweetheart na Sleep, Baby, Sleep, akalipwa dola 100. Siku chache kabla yake, katika chumba hichohicho, kikundi cha Carter Family kilikuwa kimerekodi nacho kwa mara ya kwanza. Ndiyo maana wanahistoria wa muziki huo huzihesabu siku za Bristol kuwa ndio mwanzo wa kantri kama biashara.

Santuri hiyo ilitoka Oktoba na haikuvuma sana. Novemba, bila kuitwa na yeyote, Rodgers alisafiri hadi New York, akapanga hotelini, kisha akampigia Peer simu kumjulisha kwamba yupo tayari kurekodi tena. Ujasiri huo ulipakana na ufidhuli, lakini ulizaa matunda. Novemba 30, katika studio za Victor mjini Camden, New Jersey, alirekodi wimbo ambao kampuni iliuita Blue Yodel. Ulitoka mapema mwaka 1928 ukauzwa mamia ya maelfu ya nakala.

Upya wa wimbo huo ulikuwa katika mchanganyiko wake. Umbo lake ni bluzi ile ya vibarua wa reli. Lakini mwisho wa beti sauti huruka ghafla kutoka kifuani hadi kwenye uzi mwembamba wa juu, ikashuka, ikaruka tena, bila maneno. Mtindo huo, yodeli, asili yake huhusishwa na wachungaji wa milima ya Alpi barani Ulaya na ulikuwa umezoeleka katika majukwaa ya Marekani muda mrefu kabla yake. Wengine waliutumia kuchekesha. Rodgers aliugeuza kilio, mfano wa honi ya treni inayotokomea usiku.

Mambo yalikwenda mbio. Alizunguka majimbo ya kusini akijaza kumbi, mara akiwa amevaa sare ya reli, mara kofia ya mchunga ng'ombe. Mwaka 1929 aliigiza filamu fupi, The Singing Brakeman. Alijenga jumba la kifahari Kerrville, Texas, ambako hewa ilisemekana kuwa njema kwa wagonjwa wa kifua. Kwa kuwa hakuwa hodari wa kuandika muziki kwa noti, shemeji yake, Elsie McWilliams, dada wa Carrie, alimtungia au kumsaidia kutunga nyimbo nyingi, na katika baadhi yake jina la mwanamke huyo halikuandikwa. Julai 16, 1930, mjini Los Angeles, alirekodi Blue Yodel No. 9 akisindikizwa na tarumbeta ya Louis Armstrong na piano ya Lil Hardin Armstrong. Mweupe na weusi wawili katika santuri moja lilikuwa jambo adimu mno siku hizo. Lebo ya santuri hiyo ilitaja jina la Rodgers peke yake.

Mdororo wa uchumi uliolipuka mwaka 1929 ulipunguza mauzo, na ugonjwa ukazidi. Mwaka 1931 aliuimba ugonjwa wenyewe katika T.B. Blues, katika zama ambazo familia nyingi ziliuficha kama aibu. Mei 1933 alirudi New York kurekodi kwa mara ya mwisho, kwa sababu alihitaji fedha za kuiachia familia. Kitanda kidogo kiliwekwa karibu, naye akawa anajilaza kati ya wimbo mmoja na mwingine. Alimaliza kurekodi Mei 24. Mei 26 alifariki katika hoteli ya Taft jijini humo. Mwili ulirejeshwa Meridian kwa treni. Aliacha nyimbo zaidi ya 100 alizozirekodi katika muda usiotimia miaka sita.

Santuri zapanda vilima vya Kericho

Nchini Uingereza santuri zake zilitolewa kwa chapa ya Regal Zonophone, na kwa njia hiyo zilizifikia koloni. Gramafoni ya kupiga kwa mkono haikuhitaji umeme. Ilikaa vizuri katika sebule ya mlowezi, katika nyumba ya mmisionari na katika duka la Mhindi, na yeyote aliyepita karibu aliisikia. Katika nchi ya Wakipsigis, ambako mashamba makubwa ya chai yalianza kupanuka katika miaka ya 1920, sauti iliyotoka ndani ya sanduku bila mtu kuonekana ilizua maswali halali kabisa: huyu ni nani, na kwa nini sauti yake inarukaruka hivi?

Jina lake lilipita katika sikio la Kikalenjin likatoka limevaa vazi la kwao. "Jimmie Rodgers" likawa Chemirocha, likianza na silabi ile inayofungua majina mengi ya lugha hiyo, hasa ya wanawake, kama vile Chemutai. Kiumbe mwenye miguu ya swala pia si wazo la kipumbavu. Sauti inayoruka vile ilihitaji mwili unaoruka.

Mwaka 1950, Hugh Tracey, Mwingereza aliyeutumia muda mwingi wa maisha yake kurekodi muziki wa Kiafrika, alifika Kapkatet na mitambo yake. Alirekodi nyimbo tatu tofauti zenye jina hilohilo la Chemirocha. Mbili ziliimbwa na wanaume. Ya tatu, ambayo ndiyo iliyokuja kusikika mbali zaidi duniani, iliongozwa na Chemutoi Ketienya akiitikiwa na wasichana, huku chepkong ikipigwa taratibu nyuma yao. Chepkong ni zeze la nyuzi sita. Aliyezoea nyatiti ya Kijaluo yenye nyuzi nane ataitambua mara moja kuwa ni ya ukoo mmoja nayo. Katika wimbo huo hamna gitaa wala yodeli. Rodgers amekuwa mhusika tu, na muziki ni wa Kipsigis kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Rodgers alikuwa miongoni mwa watu watatu wa kwanza kuingizwa katika ukumbi wa heshima wa muziki wa kantri huko Nashville, mwaka 1961. Kapkatet ilisubiri zaidi. Kanda za Tracey zilihifadhiwa katika maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954 nchini Afrika Kusini, na ambayo baadaye ilihamia Chuo Kikuu cha Rhodes. Ni katikati ya miaka ya 2010 ndipo maktaba hiyo, kwa ushirikiano na Ketebul Music ya Nairobi inayoongozwa na Tabu Osusa, ilipozirejesha nakala kwa Wakipsigis wenyewe. Zaidi ya miaka 60 ilikuwa imepita. Miongoni mwa waliopatikana wakiwa hai ni Cheriyot arap Kuri, mmoja wa wanaume walioimba mbele ya Tracey, ambaye kwa sasa alikuwa mzee sana. Kwenye lebo ya wimbo wa tatu limeandikwa jina la Chemutoi Ketienya, na baada yake maneno mawili tu: wasichana Wakipsigis.